Siri kwa Nani? Taarifa za Biashara Mezani kwa Mdhibiti wa Bandari

Mwaka 1993 mamlaka ya ushindani ya Denmark ilifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye nia njema angelipigia makofi. Wauzaji wa zege lililochanganywa tayari walikuwa wakitoa punguzo la chinichini, kila mteja na bei yake, na bei zilizoandikwa kwenye orodha hazikuwa na maana tena. Mamlaka ikaamua kuchapisha bei halisi, zile za kwenye ankara, kampuni kwa kampuni, ili mnunuzi ajue pa kwenda. Haukupita mwaka bei zikapanda kwa kati ya asilimia 15 na 20. Wanauchumi waliolichunguza jambo hilo baadaye walitazama mfumuko wa bei, wakatazama soko la ujenzi, wakaona havitoshi kulieleza. Wauzaji walikuwa wachache, na sasa kila mmoja aliweza kumwona jirani anayethubutu kushusha bei. Aliyetaka kutoa punguzo alijua wenzake watalijibu mara moja, basi akaona halina faida.

Kila anayeandika kanuni za udhibiti wa bandari angefaa kukisoma kisa hicho. Wauzaji wa huduma ya gati ni wachache kuliko wauzaji wa zege. Huduma yenyewe haitofautiani sana: kontena linanyanyuliwa, linawekwa uwanjani, linatolewa. Mteja hawezi kulihamisha gati, na mshindani mpya hawezi kuibuka kwa usiku mmoja. Soko la namna hiyo hubadilika kwa taarifa kabla halijabadilika kwa mashine. Ndiyo maana suala la nani anaona nini kwenye meza ya mdhibiti lina uzito kuliko linavyoonekana, ingawa mara nyingi huachiwa wanasheria waliandikie kifungu kimoja mwishoni mwa sheria.

Tuichukue Dar es Salaam, kwa sababu hapo jambo limebadilika mbele ya macho yetu. Kuanzia mwaka 2000 hadi mwisho wa 2022 kitengo cha kontena kilikuwa mikononi mwa kampuni ya TICTS. Oktoba 2022 Tanzania na Dubai zilitia saini makubaliano ya kiserikali. Bunge likayaridhia Juni 2023. Oktoba mwaka huohuo mikataba mahsusi ikasainiwa Dodoma, na kampuni ya DP World ya Dubai ikapewa sehemu ya gati za bandari hiyo kwa miaka 30. Mei 2024 gati namba 8 hadi 11 zikaangukia kundi lenye kampuni ya Adani ya India na AD Ports ya Abu Dhabi, nalo kwa miaka 30. Leo bandari hiyo ina waendeshaji wakubwa wawili wa kigeni waliopakana, mwenye bandari ambaye ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, TPA, na mdhibiti ambaye ni Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC.

Mdhibiti huyo hawezi kufanya kazi bila kuomba. Akitaka kuamua kama tozo ya kushusha kontena ni halali, lazima ajue inagharimu kiasi gani kuishusha, na anayejua ni mwenye korongo peke yake. Basi anaomba: gharama za umeme na dizeli, mishahara, bei ya mitambo na muda wake wa kuchakaa, riba ya mikopo, idadi ya kontena kwa kila kampuni ya meli, mikataba na kampuni hizo pamoja na punguzo zake, mipango ya uwekezaji ya miaka mitano ijayo. Sheria inaweza kumlazimisha mwendeshaji atoe nyaraka. Haiwezi kumlazimisha azitoe zikiwa safi, kwa wakati, na katika hali inayosomeka. Anayehofia kwamba karatasi zake zitaishia kwa jirani hujifunza upesi namna ya kutii bila kusaidia: jumla badala ya mchanganuo, picha za kurasa badala ya majedwali yenye hesabu hai, mwaka wa fedha uliopita badala ya robo ya sasa. Mdhibiti anabaki na makabati yaliyojaa na kichwa kitupu.

Kuna nyaraka, hata hivyo, ambazo madhara yake yakitoka ni ya kweli, na nyingine ambazo mtu huziita siri kwa mazoea tu. Bei ambayo kampuni fulani ya meli imekubaliwa kwa kila kontena ni siri ya kweli. Mshindani akiijua, anaweza kumfuata mteja huyo na kumpunguzia dola moja. Au, jambo ambalo ni baya zaidi kwa mwenye shehena, anaweza kutulia na kutopunguza kabisa. Mpango wa kuagiza makorongo mawili mapya mwaka kesho kutwa nao ni siri ya kweli. Mishahara ya jumla ya mwaka juzi si siri. Jumla ya kontena zilizopita getini si siri, na kama tutakavyoona, wakati mwingine mwenyewe ndiye anayeitangaza. Orodha ya tozo zinazobandikwa ukutani haiwezi kuwa siri hata mtu akiipiga mihuri mitatu.

Sasa hesabu ya wawili. Wadhibiti wengi hujiona salama wakishachapisha wastani: hawataji mtu, wanatoa takwimu ya sekta. Kwenye soko la watu kumi hiyo inatosha. Kwenye soko la wawili ni sawa na kutaja jina. Tutumie namba za kubuni. Mdhibiti anatangaza kwamba bandari ilihudumia kontena 1,000,000 na mapato ya wastani yalikuwa dola 100 kwa kila moja. Mwendeshaji wa kwanza anajua yeye alihudumia 600,000 kwa wastani wa dola 90. Anatoa, anagawanya, na kabla chai haijapoa ameshajua kwamba jirani yake alihudumia 400,000 kwa dola 115. Hakuna aliyevujisha kitu. Ripoti ya serikali, iliyoandikwa kwa uangalifu na kupitiwa na wanasheria, ndiyo iliyofanya kazi ya mpelelezi.

Ofisi za takwimu duniani zinaujua mtego huu, na nyingi zina kanuni ya kutochapisha kisanduku chenye wachangiaji chini ya watatu, au ambacho mmoja amekitawala. Marekani nayo, katika miongozo ya 1996 iliyohusu sekta ya afya, iliona kubadilishana takwimu za bei hakuna hatari iwapo watoaji ni watano au zaidi, hakuna anayezidi asilimia 25, na takwimu zina umri wa zaidi ya miezi mitatu. Wizara ya Sheria iliiondoa miongozo hiyo Februari 2023, kwa hoja kwamba kwa programu za kompyuta za leo takwimu ya zamani au iliyochanganywa inaweza kufumuliwa. Ukiwa na waendeshaji wawili, hata kabla ya kompyuta, kanuni ya watano haina pa kushika.

Hapa ndipo mdhibiti anapohitaji ubunifu kuliko sheria. Anaweza kuchapisha badiliko badala ya kiwango: mapato kwa kila kontena yamepanda kwa asilimia fulani tangu mwaka wa msingi. Anaweza kuchelewesha, kwa kuwa bei ya miaka mitatu iliyopita haimsaidii sana anayepanga bei ya kesho. Anaweza kuchanganya Dar es Salaam na bandari nyingine zinazoendeshwa na TPA yenyewe, kama Tanga na Mtwara, ingawa wingi wa kontena uko Dar na mchanganyiko huo utakuwa mwembamba. Na anaweza kuelekeza macho ya umma kwenye mambo yanayoweza kuwekwa wazi bila hofu: siku meli inazosubiri nangani, kontena zinazonyanyuliwa kwa saa, muda wa lori ndani ya geti. Viwango hivyo mshindani akivijua, jibu lake la busara ni kukimbia zaidi. Bei akiijua, jibu lake la busara huenda likawa kutulia. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, ingetosha kuwa mstari wa kwanza wa kanuni yoyote ya usiri bandarini, na ni ajabu jinsi inavyokosekana.

Watu wengi wakizungumzia kuvuja kwa taarifa humfikiria mwandishi wa habari. Mimi ningemtazama kwanza mdhibiti mwenyewe. Sheria ya 2017 iliyoiunda TASAC iliipa kofia mbili. Kwa kofia ya kwanza ilidhibiti bandari, mawakala wa meli na huduma zinazohusiana. Kwa kofia ya pili ilifanya biashara, na tena ilipewa upekee wa kugomboa aina kadhaa za shehena: madini na makinikia, mitambo ya migodi na petroli, silaha, wanyama hai, nyara za serikali. Yapo maelezo ya kwa nini Serikali ilitaka hivyo. 2017 ulikuwa mwaka wa mvutano mkubwa wa makinikia, na Serikali ilikuwa na hofu kwamba madini yanapita bandarini bila kuhesabiwa sawasawa. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini mtazame wakala binafsi wa Dar es Salaam. Anayempa leseni, anayedai hesabu zake, anayejua wateja wake na anachowatoza, alikuwa pia na dawati la biashara katika sekta hiyohiyo. Si lazima mtu yeyote pale awe amefanya ubaya wowote. Inatosha wakala ajue kwamba inawezekana, na kuanzia hapo fomu zake zitajazwa kwa mkono mzito.

Dawa ya hali hiyo inajulikana: kazi mbili zitengwe, na kama haziwezi kutengwa kwa sheria, zitengwe kwa milango. Timu inayopokea taarifa za waendeshaji isikae na timu ya biashara, isiripoti kwa mkurugenzi mmoja chini ya ngazi ya juu kabisa, isitumie kabrasha moja la kompyuta. Mfumo uandike nani amefungua faili lipi na saa ngapi, na mwenye taarifa awe na haki ya kuiomba orodha hiyo. Mtumishi akiacha kazi na kuhamia kwa mwendeshaji, kuwe na muda wa kukaa pembeni. Haya ni mambo madogo ya kiofisi, hayasisimui, na hakuna mbunge atakayepigiwa makofi kwa kuyasemea. Yanafanya kazi kuliko kifungu cha adhabu.

Afrika Kusini ina sura nyingine ya tatizo hilihili. Mwenye bandari, mamlaka ya kitaifa ya bandari, na mwendeshaji mkubwa wa gati wote ni matawi ya Transnet, kampuni ya umma. Sheria ya bandari ya 2005 ilimweka mdhibiti huru kati yao na watumiaji. Kila ombi la kupandisha tozo huwekwa hadharani, na watumiaji hutoa maoni ya maandishi. Hapo utaona faida ya mwendeshaji kuwa wa umma: hawezi kirahisi kusema gharama zake ni siri ya mtu binafsi. Bandari ikishakodishwa kwa kampuni binafsi, hoja hiyo inarudi mezani siku hiyohiyo, na jambo lililokuwa likijadiliwa kwenye ukumbi linahamia kwenye bahasha.

Bahasha hiyo ndiyo iliyowakera Watanzania mwaka 2023. Makubaliano ya Tanzania na Dubai yalianza kusomwa na wananchi kwenye simu zao katikati ya mabishano, watu wakiyachambua kifungu kwa kifungu, kila mmoja mwanasheria. Baadhi walikwenda Mahakama Kuu kanda ya Mbeya, na shauri likatupwa Agosti mwaka huo. Nchini Kenya, Mei 2022, Mahakama Kuu ya Mombasa iliiamuru Serikali iwape waombaji mikataba ya reli ya kisasa, ile iliyofungamanishwa na shehena za bandari. Novemba mwaka huo Serikali mpya ilitoa hadharani sehemu ya mikataba ya mkopo. Katika nchi zote mbili umma haukuuliza kampuni ya meli fulani inalipa dola ngapi kwa kontena. Uliuliza Serikali imeahidi nini, kwa muda gani, mapato yanagawanywaje, na ni nani atakayeamua wakigombana.

Hayo ni mafungu mawili tofauti, na kuyachanganya kumeharibu yote mawili. Mkataba ambao Serikali ni upande mmojawapo si taarifa iliyopewa mdhibiti kwa imani. Ni kitendo cha Serikali. Bei ya mteja mmoja ndani ya gati ni taarifa ya mtu mwingine iliyo mkononi mwa Serikali. La kwanza likifichwa kwa jina la siri ya biashara, wananchi wanakata tamaa na neno lenyewe, na siku mdhibiti anapotaka kulinda la pili kwa sababu nzuri kabisa, hakuna anayemwamini.

Sheria zenyewe zina nafasi ya kutenganisha. Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016, na zote mbili zinalinda masilahi ya kibiashara ya aliyetoa taarifa. Sheria ya Kenya inadai madhara yawe makubwa kwa kiasi cha kutosha, na nyuma yake kuna ibara ya 35 ya Katiba ya 2010. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya 2000, ilikwenda mbali zaidi katika utaratibu. Mtu akiomba nyaraka yenye taarifa za kampuni, kampuni hujulishwa na kupewa siku 21 za kujieleza, kisha ofisi inaamua. Na hata penye siri halali, masilahi ya umma yanaweza kuishinda pale nyaraka inapofichua uvunjaji mkubwa wa sheria au hatari kubwa kwa usalama na mazingira. Ninachokipenda katika utaratibu huo ni kwamba mwenye siri analazimika kusema. Akinyamaza, ofisi haina kazi ya kumtafutia sababu.

Marekani imepitia njia ndefu zaidi, na inafaa kuitazama kwa sababu imejaribu karibu kila kitu. Kwa miongo mingi bei za meli katika njia zake zilikuwa wazi, zimesajiliwa kwenye orodha. Sheria ya 1984 iliruhusu mikataba ya huduma kati ya kampuni ya meli na mwenye shehena, lakini masharti ya msingi yalipaswa kuchapishwa, na mwenye shehena mwingine mwenye hali inayofanana aliweza kudai apewe masharti hayohayo. Ikaonekana kinyume cha kilichotarajiwa: punguzo linalopaswa kutolewa kwa wote halitolewi kwa yeyote. Mageuzi ya 1998, yaliyoanza kazi tarehe 1 Mei 1999, yaliificha bei. Mkataba unaendelea kuwasilishwa kwa Tume ya Shirikisho ya Usafiri wa Bahari, FMC, lakini umma unaona mambo machache tu, kama bandari, bidhaa, kiasi cha chini na muda. Vyama vya kampuni za meli vilivyokuwa vikipanga bei pamoja vilidhoofika haraka baada ya hapo. Denmark ilifungua pazia na bei zikapanda. Marekani ililifunga, na mapatano ya wauzaji yakalegea. Ulaya nayo, mwaka 2016, ilizibana kampuni 14 za meli za kontena kwa sababu zilikuwa zikitangaza hadharani nyongeza za bei zinazokusudiwa, matangazo ambayo mteja hakuyahitaji lakini mshindani aliyasoma vizuri.

Nchi hiyohiyo iliyoficha bei imeiacha manifesti wazi. Taarifa za shehena zinazoingia Marekani kwa meli, mwagizaji, msafirishaji, maelezo ya mzigo, zinapatikana na kuuzwa, na kuna kampuni zinazoishi kwa biashara hiyo. Mwagizaji asiyetaka jina lake lionekane anaomba kwa maandishi, anafichwa kwa miaka miwili, kisha anaomba tena. Naona utaratibu huo una akili. Siri yenye tarehe ya kuisha humfanya mwenyewe ajiulize kila baada ya muda kama bado anaihitaji. Kwetu siri ikishapigwa muhuri huzeeka pamoja na kabati.

Lakini Marekani hiyohiyo imeyumba kwenye swali la msingi: kitu huwa siri kwa kipimo gani? Kuanzia uamuzi wa mahakama ya rufaa wa 1974, taarifa ambayo mtu alilazimika kuipa ofisi ya serikali ilihesabiwa siri iwapo ofisi ilionyesha kwamba kuitoa kungeumiza vibaya nafasi yake ya ushindani, au kungeikwamisha ofisi kupata taarifa kama hizo siku za mbele. Juni 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyoanzishwa na gazeti la South Dakota kuhusu takwimu za msaada wa chakula, ilikitupa kipimo cha madhara. Inatosha, ilisema, kwamba mwenye taarifa huichukulia kuwa ya faragha kwa desturi yake na aliitoa akiwa amehakikishiwa itatunzwa. Mahakama ilikuwa ikisoma maneno ya sheria yake, na wanasheria watabishana kama iliyasoma sawasawa. Kwa mdhibiti wa bandari kipimo hicho hakifai. Kampuni gani haina desturi ya kuficha kila kitu? Ukiuliza desturi, jibu ni ndiyo kwa kila ukurasa. Ukiuliza madhara, mtu analazimika kuonyesha ni nani atakayemuumiza, vipi, na kwa muda gani.

Kwa vitendo, kipimo cha madhara kinahitaji nidhamu fulani ya karatasi. Muhuri wa siri juu ya jalada zima usipokelewe. Mwendeshaji alete nakala mbili: moja kamili, nyingine iliyofunikwa sehemu zinazodaiwa kuwa siri, na kila sehemu iliyofunikwa iwe na sababu yake pembeni na mwaka wa kufunuliwa. Sheria ya ushindani ya Afrika Kusini inadai jambo la karibu na hilo katika kifungu cha 44: anayedai usiri aandike na aeleze kwa nini, na dai linaweza kupingwa mbele ya baraza la ushindani. Anayedai ovyo kila mara agharamie kazi ya ofisi ya kusoma madai yake. Ofisi nayo ijibu kwa muda maalumu, maana ukimya wake hugeuka kuwa kibali.

Linabaki tatizo la anayetaka kupinga tozo bila kuona hesabu zilizoizaa. Katika kesi kubwa za ushindani nje huwa wanaruhusiwa mawakili na wanauchumi wa upande wa pili kusoma nyaraka kamili, wakiwa wametia saini kwamba hawatamwambia hata mteja wao. Njia hiyo inawafaa matajiri. Chama cha mawakala wa forodha au cha wenye malori hakina mwanauchumi wa kumlipa kwa saa. Mdhibiti anayesema amewashirikisha wadau kwa sababu alifanya kikao hotelini, wadau wakaonyeshwa slaidi zenye namba zilizofutwa, amefanya kikao tu. Njia ya kati ingekuwa mdhibiti kumteua mchambuzi mmoja wa kuwatetea watumiaji wote wa bandari, alipwe kutoka kwenye tozo zilezile zinazobishaniwa, aone kila kitu na awaambie watumiaji hitimisho lake bila namba. Sidhani gharama yake ingeonekana kwenye bei ya kontena.

Kuhusu wizi wa kompyuta nitasema kidogo, ingawa ndiyo hatari inayoongezeka. Kati ya 2011 na 2013 wasafirishaji wa dawa za kulevya waliingia kwenye mifumo ya kampuni za bandari ya Antwerp, wakajua kontena lao la kokeini liko wapi na namba ya kulitolea, wakatuma dereva wao kabla ya mwenye mzigo. Julai 2021 shambulio la kimtandao liliikwamisha Transnet na bandari ya Durban ikasimama kwa siku kadhaa. Bandari zetu sasa zinakusanya taarifa zote kwenye dirisha moja la kielektroniki, jambo zuri kwa mfanyabiashara na zuri pia kwa mwizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya 2022, inamlinda mtu, jina lake, simu yake. Bei ya kampuni na orodha ya wateja wake havimo humo. Vinategemea kanuni za mdhibiti mwenyewe na uimara wa nywila zake.

Turudi kwa waendeshaji wawili wa Dar es Salaam, kwa kuwa hoja zao za usiri zinaweza kupimwa bila kubahatisha. Mei 2024, kampuni ya Adani ilipowatangazia wawekezaji wake India ununuzi wa asilimia 95 ya TICTS, mwendeshaji yule wa zamani, ilitaja bei, dola milioni 39.5, uwezo wa kitengo, kontena milioni moja za futi 20 kwa mwaka, na kiasi kilichohudumiwa 2023, kontena 820,000, takriban asilimia 83 ya kontena zote za Tanzania kwa makadirio yake. Mwanahisa wa Mumbai alizipata bila kuandika barua ya maombi. DP World, kwa upande wake, ina magati Australia, na huko iko chini ya ufuatiliaji wa tume ya ushindani, ACCC, ambayo tangu 1999, mwaka mmoja baada ya mgogoro mkubwa wa makuli wa kampuni ya Patrick, imekuwa ikichapisha ripoti ya kila mwaka kuhusu mapato, gharama na faida za sekta ya kushusha kontena. Kwa miaka mingi sekta hiyo ilitawaliwa na kampuni mbili tu.

Kwa hiyo mwendeshaji atakapoiandikia TASAC kwamba jedwali fulani likichapishwa biashara yake itaumia, ofisa anayepokea barua hiyo asianze na kanuni za usiri. Aanze na tangazo la kampuni mama kwenye soko la hisa na ripoti ya mdhibiti wa nchi nyingine ambako kundi hilohilo linafanya kazi. Jedwali likiwa limo humo, barua imejibiwa. Likiwa halimo, hapo sasa aketi na mwendeshaji, waipitie safu kwa safu, na safu yenye jina la mteja pamoja na bei yake ifungiwe kabatini hata mbunge akiiomba.